Umri wa Farasi wa Mashindano: Ni Yupi Astahiliye Kukimbia?

Amesimulia Abdullah bin Umar (R.A.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi mjini Madina katika njia mbili mbalimbali. Farasi waliokwisha kutengenezwa kwa mbio walianzia mahali paitwapo Al-Hafyaa na mwisho wao ukawa Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa kama maili sita. Wale ambao hawajatengenezwa walianzia hapo Thaniyyatul Wadaa wakaishia kwenye msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili moja tu. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari na katika Sahihi ya Muslim, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopanda siku ile.

Wengi wetu tumeisikia hadithi hii darasani, tukaichukua kuwa ni dalili ya uhalali wa mbio za farasi, tukapita. Lakini msomaji na atue hapa kidogo ajiulize: kwa nini njia mbili? Mashindano moja hayakutosha?

Kutengenezwa kulikotajwa, Waarabu hukuita tadhmir. Farasi hulishwa vizuri mpaka anone, kisha chakula chake hupunguzwa, hufungiwa bandani na kufunikwa nguo nzito atoke jasho, na huendelea hivyo siku kwa siku mpaka mafuta yaishe, nyama zikazane na pumzi zirefuke. Farasi aliyepitishwa katika kazi hiyo akiwekwa pamoja na mwenziwe aliyetolewa malishoni jana, hapana shindano hapo. Yule wa pili atashindwa, na pengine atakufa njiani kwa kulazimishwa kufuata. Kwa hiyo kila kundi lilipewa mwendo uliolilingana.

Katika Sunan ya Abu Dawud kuna habari nyingine, nayo pia ni ya Ibn Umar, kwamba Mtume aliposhindanisha farasi aliwatofautisha waliokomaa kwa kuwawekea mwendo mrefu zaidi. Neno lililotumika ni qurrah, wingi wa qarih, na qarih ni farasi aliyetimiza miaka mitano na meno yake yote yakawa yamekamilika. Basi kanuni ya umri katika mbio za farasi, ambayo leo watu huidhani kuwa ni uvumbuzi wa vyama vya Ulaya, ilikuwako Madina zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Wapi huandikwa umri wa farasi? Huandikwa kinywani mwake. Mwana-farasi huwa na meno ya utotoni, madogo na meupe, mfano wa meno ya mtoto wetu. Apatapo miaka miwili na nusu huanguka mawili ya katikati, juu na chini, yakaota ya ukubwani. Miaka mitatu na nusu huanguka yale yanayofuatia. Minne na nusu, yale ya pembeni. Chonge za dume nazo huota kati ya miaka minne na mitano. Waarabu walivipa vipindi hivi majina: thaniy, kisha rabaa, kisha qarih. Baada ya hapo mwenye ujuzi hutazama vishimo vilivyo juu ya meno, ambavyo huchakaa na kutoweka kadiri miaka inavyopita. Madalali wa farasi walio waovu walijifunza zamani kuvichimba upya vishimo hivyo na kuvichoma viwe vyeusi, ili mzee auzwe kwa bei ya kijana. Mnyama hasemi umri wake wala hawezi kumkanusha mwenyewe. Ndiyo maana kanuni ya umri husimama juu ya uaminifu wa watu kabla ya kusimama juu ya kitu chochote kingine.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, ambako mbio hizi zilipangiwa vitabu na masharti mengi. Farasi wa mbio wa huko si mgeni kwetu kwa nasaba. Mmoja wa mababu wake wakuu alinunuliwa Halab, nchi ya Sham, mwaka 1704 na Mwingereza aitwaye Thomas Darley, na farasi wengi mno wa mbio duniani leo hurejea kwake kwa upande wa baba. Mwaka 1791 kilichapishwa kitabu cha nasaba zao, na mpaka leo asiyekuwa na nasaba iliyosajiliwa haruhusiwi kuingia katika mbio za jamii hiyo. (Waarabu wa jangwani, waliohifadhi nasaba za farasi wao kwa vichwa bila ya karatasi, labda wangetabasamu.)

Shindano lenye sifa kuliko yote huko ni Derby ya Epsom, iliyoanza mwaka 1780. Sharti lake la kwanza ni kwamba farasi awe na miaka mitatu. Hazidi wala hapungui. Majike huruhusiwa, lakini aliyehasiwa haruhusiwi, kwa kuwa shabaha mojawapo ya mbio ni kumjua dume atakayezalisha. Tazama basi uzito wa sharti hili: kila farasi anayezaliwa hupata nafasi moja tu maishani mwake. Akiugua wiki ile, au akijikwaa, hapana mwaka wa pili. Aga Khan wa Tatu, ambaye wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kuelezwa ni nani, alishinda Derby mara 5 kati ya mwaka 1930 na 1952, moja ya hizo kwa ubia na mwenziwe, na kila mara ilimlazimu kushinda kwa farasi mwingine. Nairobi nako, katika kiwanja cha Ngong, Derby ya Kenya ni ya farasi wa miaka mitatu.

Lakini miaka mitatu kwa hesabu gani? Hapa pana ajabu. Farasi wote wa mbio wa nchi za kaskazini huhesabiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Uingereza zamani siku hiyo ilikuwa tarehe 1 Mei, na huko Newmarket ikahamishwa katika miaka ya 1830. Nchi za kusini kama Australia huhesabu kuanzia tarehe 1 Agosti, kwa sababu majira yao ya kuzaa ni mengine. Mwana-farasi akizaliwa tarehe 30 Desemba, baada ya siku mbili kitabuni huitwa wa mwaka mmoja, ingawa bado hajui hata kunywa maji. Hasara hiyo ni kubwa, na wafugaji huikimbia kwa kila hila: majike huwashiwa taa bandani usiku katika miezi ya baridi ili miili yao idhani kuwa siku zimekuwa ndefu, wapate mimba mapema na wazae mwanzoni mwa mwaka. Mimba ya farasi ni miezi 11, basi hesabu yake ni ngumu. Na wakikutana farasi wa kaskazini na wa kusini, ni lazima sharti liandikwe kwa miaka miwili mbalimbali: Kombe la Dunia la Dubai, lililoanza mwaka 1996, huruhusu wa kaskazini kuanzia miaka minne na wa kusini kuanzia miaka mitatu.

Kuna mashindano mengine ambayo wadogo na wakubwa hukimbia pamoja. Humo uadilifu hutafutwa kwa mizani: mkubwa hubebeshwa uzito zaidi. Kipimo hicho kilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Admiral Henry Rous, na hutofautiana kwa mwezi na kwa mwendo, kwa kuwa farasi wa miaka mitatu mwezi wa Mei si yule wa mwezi wa Oktoba. Katika shindano kubwa la Paris la kila mwanzo wa Oktoba, mkubwa humzidi wa miaka mitatu kwa kilo kama 3 tu.

Mwaka mmoja wa umri una thamani gani? Kisa cha Derby ya mwaka 1844 kinatosha kutujibu. Aliyefika wa kwanza aliitwa Running Rein. Wa pili alikuwa Orlando, wa Kanali Jonathan Peel, ndugu yake waziri mkuu wa wakati ule. Mnong'ono ulikuwako tangu mwaka uliotangulia kwamba huyu Running Rein ana meno yasiyolingana na umri wake, hata hivyo akaachiwa kukimbia. Kanali akapinga zawadi isitolewe, na shauri likafika mahakamani mwezi wa Julai. Jaji, Baron Alderson, hakutaka maneno mengi. Alitaka farasi aletwe afunguliwe kinywa. Farasi hakuletwa; alikuwa amekwisha kufichwa, na mwenye kudai akaliacha shauri lake. Ikadhihirika kwamba aliyekimbia alikuwa Maccabeus, farasi wa miaka minne, aliyebadilishwa na Running Rein wa kweli tangu walipokuwa wadogo, kwa hila ya mcheza kamari mmoja ambaye baadaye alikimbilia Ufaransa. Ushindi akapewa Orlando. Katika mbio hizo hizo alivunjika mguu farasi mwingine, Leander, akauawa. Na taya lake lilipotazamwa na wenye ujuzi wakasema kuwa naye alikuwa na miaka minne.

Wanazuoni wetu walilitaja jambo hili kwa mlango mwingine. Abu Dawud amepokea kwa Abu Huraira (R.A.A.) habari ya watu wawili walioweka mali kila mmoja, kisha akaingizwa farasi wa tatu baina yao. Ikiwa huyo wa tatu haaminiki kuwa atashinda, si kamari. Ikiwa inajulikana kwa yakini kwamba atashinda, ni kamari. Wenye elimu wameijadili sanadi yake, lakini mafakihi wengi wameijengea hukumu. Zawadi itolewayo na mtawala, au na mtu asiyeshindana, haina shaka. Dau la kila upande, au kubahatisha kwa watazamaji, ni kamari, hata kiwanja kikiwa kizuri namna gani. Kwa hiyo tunapoeleza kanuni za Epsom hatusemi kwamba sarafu zinazozunguka hapo ni halali. Twasema tu kwamba Maccabeus ndiye hasa yule farasi anayejulikana kwa yakini kuwa atashinda, ila aliyejua ni mtu mmoja na waliodanganywa ni maelfu.

Siku hizi hila ile ni ngumu mno. Mwana-farasi hupimwa vinasaba ili ithibitike nani baba yake na nani mama yake, na hutiwa shingoni chembe ndogo ya elektroniki yenye nambari yake, ambayo husomwa kwa chombo kabla ya mbio. Lakini lingine limebaki, nalo ni la huruma. Mifupa ya farasi hukua kwenye sehemu laini zilizo karibu na viungo. Za chini ya mguu hufunga mapema. Iliyo juu ya goti hufunga anapokaribia miaka miwili na nusu. Za uti wa mgongo hungoja mpaka miaka mitano au zaidi, yaani mpaka awe qarih. Na Uingereza na Marekani mbio za farasi wa miaka miwili huanza kabla ya nusu ya mwaka. Aliyezaliwa mwezi wa Mei, akikimbizwa mwezi wa Aprili wa mwaka wake wa pili, hajatimiza hata miezi 24. Wapo madaktari wa wanyama wasemao kwamba mazoezi mepesi ya udogoni huimarisha mfupa, na uchunguzi wa nchi kadhaa umewaunga mkono. Sawa. Lakini zoezi jepesi ni kitu kimoja, na kukimbizwa kwa mjeledi mbele ya watu walioweka fedha ni kitu kingine.

Mbio za ngamia katika nchi za Ghuba nazo hupangwa hivyo hivyo kwa umri, kila kundi na jina lake, haqqa, laqiya, jadhaa, thaniya, na mwendo huongezeka kadiri mnyama anavyokomaa. Mpangilio mzuri. Lakini kwa miaka mingi, juu ya ngamia hao waliohesabiwa meno walifungwa watoto ambao hakuna aliyehesabu umri wao, wakitafutwa kwa wepesi wa uzito, wakitolewa Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, wengine wakiwa bado hawajafikia umri wa kwenda shule. Yule Ibn Umar tuliyeanza naye ameeleza kuwa siku ya Uhud alihudhurishwa mbele ya Mtume naye ana miaka 14, asiruhusiwe. Na siku ya Khandaq ana miaka 15, ndipo akaruhusiwa. Hilo lilikuwa katika vita vya kuulinda mji.

Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulikataza kwa sheria mpanda ngamia aliye chini ya miaka 18, na Qatar nayo ikawakataza watoto mwaka huo huo. Mahali pao pakawekwa mashine ndogo yenye kijeledi, inayoongozwa kwa mbali kutoka ndani ya gari. Kwa msaada wa UNICEF watoto zaidi ya 1,000 walirudishwa makwao kutoka katika Falme hizo. Wapo miongoni mwao walioondoka wadogo mno hata hawakuweza kuwataja wazazi wao, na huko Pakistan iliwabidi wengine wapimwe vinasaba, kwa elimu ile ile inayothibitisha nasaba ya farasi, kabla ya kukabidhiwa kwa waliosema kuwa ni baba na mama zao.