Bei ya Gari la Kale Isomwe Chini ya Rangi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Usemi huo tunauona ukithibiti katika soko la magari ya kale ya spoti ya Ulaya. Tuchukue mfano wa MGB, gari dogo la Uingereza. Kati ya 1962 na 1980 yaliundwa zaidi ya 500,000. Wingi huo humrahisishia mnunuzi kulinganisha bei. Hata hivyo, bei aitajayo muuzaji ni ombi lake, si thamani ya gari.

MGB halina chasisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo ibebayo uzito, hususan mihimili iliyo chini ya milango. Maji hupenya humo na kutu ikala kwa ndani, ilhali rangi ya nje yameremeta. Basi tupitishe sumaku iliyofungwa kitambaa: isiponasa, pana puti badala ya bati. Kwa gari lisilo na paa, tutazame pia upenyo wa mlango. Ukibana juu na kupanuka chini, bodi imelegea katikati.

Bampa za kromu, zilizoachwa 1974 zikaja nyeusi za mpira, huongeza bei, lakini hazifidii kutu. Mihimili iliyooza hudai kukatwa, kuchomelewa na kupakwa rangi upya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mnunuzi na amwite kwanza fundi wa bodi, aitoe gharama hiyo katika bei, ndipo ataje yake. Asiyefanya hivyo hulinunua gari moja mara mbili.