Akiolewa tena, matunzo yanaishia wapi?

Msimu wa alizeti ukiisha Ikungi na Iramba, mkoani Singida, magunia yakishafika mashineni na pesa ikashikwa mkononi, harusi huanza. Na simu za waume wa zamani huanza pia: "Nimesikia umeolewa. Basi, mimi na wewe tumemalizana." Tangu hapo hatumi kitu, cha mama wala cha watoto waliobaki kwa bibi yao.

Nusu ya kauli hiyo ina sheria nyuma yake. Kifungu cha 120 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema haki ya mtalaka kupokea matunzo kwa amri ya mahakama inakoma anapofunga ndoa nyingine. Kama matunzo yalitokana na makubaliano yao wenyewe, nayo hukoma, labda wawe wameandikiana vinginevyo. Hilo halimhusu mwanamke peke yake: mume ambaye ugonjwa au ulemavu umemzuia kujitafutia riziki anaweza kupewa amri ya kutunzwa na mkewe, na akioa tena imekwisha.

Nusu ya pili, ile ya watoto, kajitungia mwenyewe. Sheria inamtaka baba atunze watoto wake, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ndoa ya mama haimo katika hesabu hiyo. Baba wa kambo aliyempokea mtoto nyumbani kwake ana wajibu pale tu wazazi wenyewe wanaposhindwa, na alichotumia anaweza kuwadai kama deni. Wanaume wengi wangeshtuka kusikia hili la mwisho.

Tukubaliane pia kwamba kifungu cha 120 kinawagusa wachache. Baada ya talaka, mahakama humwamuru mume amtunze mtalaka wake kwa sababu maalumu tu. Kwa waliooana Kiislamu matunzo yake hayavuki eda, na ndani ya eda mwanamke haolewi, kwa hiyo suala la ndoa mpya kuyakatisha halipo. Mkulima naye ana shida yake: amri inataja kiasi cha kila mwezi, wakati yeye pesa huiona mara moja kwa mwaka, alizeti au vitunguu vikiuzwa. Kwa mkoa kama Singida naona kheri watu watumie zaidi njia ya kukubaliana, kwa idhini ya mahakama, malipo ya mkupuo, au hata mali, badala ya vijisenti vya kila mwezi. Kilichokwishalipwa hakisubiri harusi ya mtu.

Mali waliyochuma pamoja ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu mgawanyo, hakisemi lolote kuhusu kuolewa tena. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango wa mke katika mali ya ndoa (ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha akazitumia kwa anasa). Anayesema "shamba aliache, si kaolewa?" anachanganya matunzo na jasho.

Ila kuna mtego, na vijijini ndio unaonasa wengi. Wanandoa wamegombana, mke karudi kwao, wazee wamekaa, ng'ombe wa mahari wamerudishwa, watu wakasema yameisha. Hayajaisha. Ndoa huvunjwa na mahakama, tena shauri kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi. Bila hukumu ya mahakama, mwanamke bado ni mke wa yule wa kwanza, na sheria haimruhusu kuwa na waume wawili. Harusi ya pili, hata ikichinjiwa ng'ombe watatu, ni batili, na mume wa kwanza anaweza kumdai fidia ya ugoni huyo aliyejiita mume wa pili. Katika hali hiyo hakuna "mtalaka" wa kukatiwa matunzo. Kuna mke aliyeko kwa mtu mwingine, na kesi yake inaanza upya kabisa, mara nyingi vibaya kwake.

Hata talaka ikiwa safi, wapo akina mama wasiodai fedha ya watoto kwa kumwogopa mume mpya, asiyetaka pesa ya mwenzake iingie nyumbani kwake wala simu ya huyo mwenzake ipigwe usiku. Basi isiingie kwake. Bibi anayelea wajukuu anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na fedha ikalipwa kwake anayewalea.