Matangazo ya Jumapili Kisaju: Parishi Jirani na Mikutano Yao

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia kuu ya Namanga, akiisha kuupita Mto Athi na mji wa Kitengela, huona nchi ikifunguka mbele yake kuume na kushoto. Huo ndio uwanda wa Kaputiei, wenye majani mafupi na miti ya migunga. Kabla hajafika Isinya atapita Kisaju. Zamani msafiri huyo hakuwa na sababu ya kusimama hapo, isipokuwa kuwapisha ng'ombe wavuke njia. Siku hizi aona maduka, nyumba za mawe, viwanja vilivyozungushwa seng'enge, na vibao vya makanisa vikimwonyesha mahali pa kukata kona.

Katika makanisa ya Kianglikana ya sehemu hizo, kama penginepo katika Kenya, iko nafasi moja katika ibada ya Jumapili ambayo mgeni hudhani ni ya kupumzika. Ni nafasi ya matangazo. Watoto hutoka nje, mzee mmoja hukohoa, mama humfunga mwanawe mgongoni upya. Lakini mwenyeji hutega sikio, kwa maana hapo ndipo atakapojua nani amefiwa, nani ataoa, Askofu atakuja lini kuwawekea mikono watoto wa kipaimara, na kama Jumamosi ijayo akina mama watakutana kwao au kwa jirani.

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji habari za matangazo hayo, na za mikutano inayokusanya parishi za Kitengela, Kisaju na Isinya. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika nchi ambayo majirani wengi hawakuzaliwa pamoja wala hawasemi lugha moja nyumbani, tangazo lisipomfikia mtu, mkutano huo si wake.

Yafaa kwanza kueleza jinsi majirani hawa walivyopatikana. Wajumbe wa Church Missionary Society walianza kazi yao pwani. Bwana Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kwa miaka mingi wazee waliliita kanisa hili kwa herufi za chama hicho tu, CMS. Mwaka 1970 Kenya ilipata kuwa jimbo lake lenyewe, na Askofu Mkuu wa kwanza akawa Festo Olang'. Jina la Kanisa la Jimbo la Kenya lilitumika hata mwaka 1998, lilipobadilishwa kuwa Kanisa Anglikana la Kenya. Dayosisi ya Kajiado ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1993 kutoka katika Dayosisi ya Nairobi.

Lakini habari ya kanisa haitoshi bila habari ya ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha Wamasai kuandikisha nchi yao kwa ranchi za jamii, yaani kundi la watu kushika hati moja. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata sehemu yake. Baada ya hapo wengine waliuza ekari chache, wengine wakauza nyingi. Wakaja watu wa viwanda vya Mto Athi, walimu, makarani, wafanya biashara na wastaafu waliotafuta mahali pa kujenga karibu na Nairobi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha 1,117,840. Nyongeza hiyo haikutokana na kuzaliwa kwa watoto peke yake.

Wageni hao walikuja na vitabu vyao vya nyimbo. Mkikuyu alikuja na chake, Mkamba na chake, Mluo na chake, na Kiswahili kikawa daraja la wote. Mmasai mwenye uwanda alijikuta akiketi kanisani kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Hatusemi kwamba alifukuzwa, hakuna aliyemfukuza. Lakini mtu aweza kukaribishwa kwa mkono na asikaribishwe kwa lugha.

Tuseme basi kwamba parishi tatu zapatana kufanya ibada moja ya pamoja. Si jambo geni. Kasisi mmoja mara nyingi huwa na makanisa kadha chini yake, na Jumapili asipokuwapo ibada huongozwa na msomaji asiye kasisi. Kwa hiyo ziko parishi ambazo, mwezi ukiwa na Jumapili tano, huitumia ile ya tano kukusanya makanisa yote mahali pamoja, ili watu waipokee Meza ya Bwana pamoja na waonane uso kwa uso. Wazee wa halmashauri hukaa na kupanga. Ndipo maswali manne yanapozuka, nayo ni magumu kuliko mahubiri.

Swali la kwanza ni saa. Mtu wa Kitengela aliyezoea kazi ya kiwandani ataka ibada ianze saa tatu asubuhi, apate kurudi nyumbani kupumzika. Mchungaji wa ng'ombe asubuhi hiyo ana kazi isiyongoja: ng'ombe wakamuliwe, wahesabiwe, wafunguliwe, na mtu apatikane wa kuwafuata malishoni. Akina mama wa boma ndio wakamuao, tena ndio waendao kuteka maji. Wakifika saa tano wataonekana wamechelewa, na hali wameamka kabla ya wote waliowatangulia.

La pili ni mahali. Mji una uwanja, viti na umeme, na matatu hufika mlangoni. Kwa hiyo wengi husema, tukutane mjini. Lakini nauli ya bodaboda kutoka ndani ya uwanda hata njia kuu, kisha ya matatu hata mjini, kwa mama na watoto watatu, ni fedha nyingi kuliko sadaka aliyokusudia kutoa. Mkutano ukifanyiwa ndani, chini ya migunga, mwenye motokaa atalalamika juu ya vumbi. Sisi twaona kwamba vumbi huoshwa kwa maji ya beseni moja. Nauli iliyokosekana haioshwi kwa lolote.

La tatu ni maji na malisho. Mwaka 2009 ukame uliua mifugo mingi mno katika Kajiado. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, na Kajiado nayo iliumia. Wakati kama huo wanaume huondoka na ng'ombe wakaenda mbali, na kanisa la uwandani hubaki la akina mama, wazee na watoto. Kutangaza mchango mkubwa wa jengo katika mwezi ule ni kuwaaibisha watu. Halmashauri yenye hekima huuliza kwanza mvua ilinyesha wapi, kisha ndipo ifungue kalenda.

La nne ni lugha, nalo ndilo lenye siri ya yote. Agano Jipya katika Kimasai lilichapishwa mwaka 1923, na Biblia nzima mwaka 1991. Biblia ya Kiswahili itumiwayo sana katika Kenya ilitoka mwaka 1952. Vitabu vyote viwili vyaweza kuwa juu ya meza moja, na somo moja likasomwa katika hiki, la pili katika kile. Hilo hufanyika pengi. Lakini matangazo husomwa kwa Kiswahili peke yake, tena kwa haraka, kwa kuwa saa imekwenda. Hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu somo mtu aweza kulisoma nyumbani, bali tangazo lisemwalo mara moja likapita halipatikani tena. Bibi ambaye hakusikia vizuri ataketi Jumamosi nzima nyumbani kwake, na wenzake wamekutana umbali wa maili mbili wakisema, mbona fulani amejitenga?

Ziko njia ndogo za kurekebisha jambo hili, wala hazihitaji fedha. Mtu mmoja asimame arudie matangazo kwa Kimasai. Msomaji aanze kwa kuwasalimu akina mama kwa “takwenya”, wamjibu “iko”, kabla hajafungua karatasi yake. Hata Mkamba na Mluo hujifunza salamu hiyo kwa siku moja. Na habari ipelekwe mnadani siku ya kuuza mifugo, maana huko ndiko wanaume walioikosa ibada wapatikanako.

Wako wadhanio kwamba simu imeondoa haja ya yote haya. Tuliona jaribio la jambo hilo mwaka 2020. Mwezi wa Machi makanisa yote ya Kenya yalifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi wa Julai mwaka ule, watu wasiozidi 100 ndio walioruhusiwa kuingia, kwa muda wa saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliopita miaka 58 wakaombwa kubaki nyumbani. Katika muda huo matangazo yalipita katika simu. Waliokuwa na simu nzuri na fedha ya kuijaza walijua kila jambo. Bibi mwenye simu ya vitufe, iliyokwisha moto na hana mahali pa kuitilia, alijua la mazishi baada ya mazishi.

Katika matangazo yote, lile la ndoa ndilo linalofunga parishi jirani kwa nguvu zaidi. Desturi ya Waanglikana ni kuyatangaza majina ya bwana na bibi arusi mara tatu, tena katika parishi ya kila mmoja wao, na kuuliza kama yuko ajuaye kizuizi. Kijana wa Isinya akimposa msichana wa Kitengela, majina yao yatasomwa huku na huku, na kila kasisi ampelekee mwenzake neno kwamba hakuna aliyepinga. Iwapo msichana asili yake ni Murang'a au Maseno, barua yapaswa kwenda hata huko. Katika mji wa watu waliohamia, ambapo hakuna ajuaye baba ya mwenzake, desturi hii ya zamani imekuwa na kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kijijini.

Liko pia tangazo la michango, na hapa hapana budi tuseme wazi. Makanisa mengi ya uwandani yalijengwa kwa harambee, na harambee ilizoea mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima alizoea kuhutubu. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kusema kanisani; waje kuabudu kama watu wengine. Askofu Mkuu huyo, aliyetawazwa mwaka 2016, ni Mmasai wa Narok, na wa kwanza katika kabila lake kukikalia kiti hicho. Wako waliosema kwamba paa zitakosa mabati. Huenda. Lakini mkutano wa majirani usio na hotuba ndefu huisha mapema, na mwenye ng'ombe hufika nyumbani kabla ya jua kutua.

Sasa twapita kwa mikutano ya mwaka wa kanisa, ili kila mmoja aweke alama katika kalenda yake. Tarehe 25 Machi ni siku ya Mariamu kupashwa habari na malaika, nayo ni sikukuu ya Muungano wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa Uingereza na Bibi Mary Sumner mwaka 1876. Akina mama wa parishi jirani huitumia kutembeleana, nao huangukia mwanzo wa mvua za masika, hivyo aliye na hema na alilete. Ijumaa Kuu ni ya maandamano. Likizo za shule, mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Desemba, ni za vijana. Ibada ya mavuno kila parishi huipanga kwa wakati wake, na katika nchi hii mbuzi na maziwa huletwa madhabahuni kama mahindi yaletwavyo kwingine. Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote.

Krismasi yataka neno la pekee. Siku zile wengi wa waliohamia hufunga milango yao wakaenda kwa wazazi wao, Nyeri, Machakos, Siaya na penginepo. Kanisa la mjini, ambalo Jumapili nyingine huwa halina nafasi, hubaki na viti vitupu. Kanisa la ndani ya uwanda ndilo lijaalo, kwa kuwa watoto wa shule wamerudi bomani. Basi wiki mbili katika mwaka mambo hugeuka: mwenyeji ndiye mwenye kanisa lililojaa, na yule aliyebaki mjini peke yake ndiye angojaye kualikwa. Mwaliko huo hutangazwa Jumapili ya nne ya Adventi, na mara nyingi ndio tangazo la pekee lianzalo kwa Kimasai kisha likafasiriwa kwa Kiswahili. Waliobaki Kitengela waangalie saa ya kuondoka, kwa maana siku ya Krismasi matatu ni chache, na kutoka njia kuu hata kwenye migunga ni mwendo wa miguu.