Bei ya sola yashuka: mnunuzi acheka, mwenye hisa alia

Na Mwandishi Wetu

WAKATI wafanyabiashara wengi wakiendelea kuambiwa kwamba fedha ya kesho ipo kwenye teknolojia za kupambana na mabadiliko ya tabianchi, ukurasa huu umeona ni vema kupitia hesabu za biashara moja tu kati ya hizo, yaani umeme wa jua. Ndiyo iliyokwisha kufika madukani kwetu, na ndiyo yenye historia ndefu ya kutosha kuonyesha nani alipata na nani alipoteza.

Kwa upande wa hali ya hewa, kazi imefanyika. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kati ya mwaka 2010 na 2019 gharama za umeme wa jua zilishuka kwa asilimia 85, za upepo kwa asilimia 55, na za betri za lithiamu kwa asilimia 85. Teknolojia nyingine hazijafika huko. Mitambo ya kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, kama ule wa kampuni ya Climeworks uliofunguliwa Iceland Mei 2024 na kusanifiwa kunyonya tani 36,000 kwa mwaka, bado inategemea wateja matajiri wanaokubali kulipa mamia ya dola kwa tani moja. Hiyo tuwaachie wenye fedha za kuchezea. Sola haihitaji huruma ya mtu. Inauzwa kwa sababu ni rahisi.

Lakini mwenye mtaji mdogo ana swali lake: bidhaa ikishuka bei kwa kasi hiyo, faida inakwenda mfukoni mwa nani?

SOKO LISILO NA KIANGAZI

Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara ya Bell ya Marekani mwaka 1954, ikigeuza kama asilimia 6 tu ya mwanga wa jua kuwa umeme. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya sola iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya fedha ya siku hizi. Mwishoni mwa mwaka 2024 wati moja kwenye bandari za China iliuzwa kwa karibu senti 10 za dola. Kwa hesabu hiyo, paneli kubwa ya wati 550 ilipatikana kwa kama dola 55 kabla ya kulipia meli, bima na ushuru.

Sababu si siri. Mafuta na makaa huchimbwa, na kadiri unavyochimba ndivyo unavyozidi kwenda mbali au chini zaidi. Paneli hutengenezwa kiwandani, na kiwanda hujifunza. Vipande vya silikoni hukatwa vyembamba zaidi, fedha inayopakwa juu yake kupitisha umeme hupunguzwa, na mashine huongezwa ukubwa. Wachunguzi wa soko hili wamegundua kwamba kila jumla ya paneli zilizowahi kuuzwa duniani inapoongezeka mara mbili, bei hushuka kwa kama asilimia 20. Kanuni hiyo imepewa jina la Richard Swanson, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya SunPower huko Marekani mwaka 1985. Msomaji alikumbuke jina la kampuni hiyo, tutakutana nalo tena.

Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2000 iliyomhakikishia mwenye sola bei ya umeme wake kwa miaka 20. Wajerumani wakanunua kwa wingi, na viwanda vya China vikajengwa kuwauzia. Kufikia mwaka 2022 shirika la kimataifa la nishati, IEA, lilikadiria kwamba China ilishika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji, kuanzia silikoni ghafi hadi paneli kamili.

Mfanyabiashara wa mahindi anajua kwamba bei huanguka wakati wa mavuno na kupanda wakati wa njaa, hivyo mwenye ghala na subira hupata chake. Soko la sola lina mavuno karibu kila mwaka, na msimu wa njaa huja kwa nadra na hauchelewi kuondoka. Anayeweka mali ghalani akisubiri bei ipande anasubiri basi ambalo halipiti njia hiyo.

WALIOKUWA SAHIHI NA BADO WAKAFILISIKA

Tuanze na Solyndra ya California. Mwaka 2008 silikoni ghafi ilikuwa adimu, na bei ya papo kwa papo ilipita dola 400 kwa kilo. Solyndra ilikuwa na paneli za mirija ya vioo ambazo hazikuhitaji silikoni hiyo kabisa. Wazo lilikuwa zuri, na Serikali ya Marekani ikaidhamini mkopo wa dola milioni 535. Kisha viwanda vipya vya silikoni vikaanza kuzalisha, bei ikaporomoka, na sababu ya mirija kuwepo ikatoweka. Septemba 2011 kampuni iliomba kinga ya muflisi. Mirija yenyewe haikuwa na ubaya wowote.

SolarWorld ya Ujerumani ilifanya kinyume chake. Kwa kuogopa uhaba ule ule, ilifunga mikataba ya muda mrefu ya kununua silikoni kwa kampuni ya Hemlock ya Marekani kwa bei iliyopangwa, na kwa sharti la kulipa hata kama haitachukua mzigo. Bei ya soko ilipoanguka, washindani walinunua kwa bei ya chini huku SolarWorld ikiwa imefungwa. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni yake tanzu imlipe Hemlock karibu dola milioni 793. Mwaka uliofuata SolarWorld ilitangaza imefilisika. Mtu yeyote aliyewahi kukubaliana bei ya mzigo mapema, kisha akakuta jirani amenunua kwa nusu, anaelewa hali hiyo bila kuelezwa.

Je, Wachina wenyewe? Suntech ya mji wa Wuxi ilianzishwa mwaka 2001, ikaingia soko la hisa la New York mwaka 2005 kwa kishindo, ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kuliko wote duniani. Machi 2013 ilishindwa kulipa hati fungani za dola milioni 541. Karibu zaidi na leo, LONGi, moja ya kampuni kubwa kabisa za sola China, ilipata hasara ya zaidi ya yuani bilioni 8 katika mwaka 2024, mwaka ambao dunia ilinunua paneli nyingi kuliko wakati wowote kabla yake. Na SunPower, kampuni iliyoanzishwa na mtu mwenye kanuni ya kushuka kwa bei, iliomba kinga ya muflisi Agosti 2024.

Kwa hiyo, mtu akikushawishi uingize akiba yako kwenye hisa za kampuni fulani ya sola kwa hoja kwamba "mahitaji yanakua", mwambie kwamba mahitaji hayajawahi kuwa tatizo. Hata Suntech ilikuwa na wateja. Faida yote ilipita katikati ya vidole vya mtengenezaji ikaenda kwa mnunuzi, na hakuna dalili kwamba mwelekeo huo unageuka.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa teknolojia nyingine safi, ingawa yenyewe haishuki bei kama sola. Mwaka 2006 KenGen ya Kenya iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 11.90 za Kenya, na maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa zaidi ya mara tatu. Mvuke wa Olkaria ulitoka ardhini kama ulivyoahidiwa, na mitambo iliyozinduliwa mwaka 2014 na 2015 iliongeza megawati 280. Hata hivyo, mwaka 2016 kampuni ilipowauzia wanahisa wake hisa nyingine ili kupata mtaji, bei ilikuwa shilingi 6.55. Kuna tofauti kati ya mradi unaofanya kazi na hisa inayolipa. Mnunuzi mkuu wa umeme huo ni mmoja, na bei hupangwa kwa mkataba.

DOLA INATOKA LEO, SHILINGI INARUDI KWA MIAKA MITATU

Biashara iliyowavutia wawekezaji wengi katika ukanda wetu ni ya kukopesha sola majumbani, ambapo mteja hulipa kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa mtambo hujizima. M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 ndiyo iliyofungua mlango huo. M-KOPA wakaingia Kenya, Off Grid Electric wakaanzia Arusha, Mobisol ya Berlin ikauza Tanzania, Rwanda na Kenya. Watu wengi waliaga kibatari kwa njia hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Ukitazama vitabu vya hesabu, lakini, utaona kwamba muuzaji wa namna hii si muuza sola. Ni benki ndogo yenye stoo. Ananunua mzigo kwa dola, tena analipa mara moja. Anakusanya kwa shilingi, kwa muda unaoweza kufika miezi 36, kutoka kwa mkulima ambaye kipato chake kinategemea mvua. Katikati hapo kuna mafundi, mawakala, na mitambo ya kwenda kung'oa kwa waliokwama.

Tuchukue sarafu peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilibadilishwa kwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160. Aliyemkopesha mteja mwanzoni mwa kipindi hicho kwa bei isiyobadilika, alipokea mwishoni rejesho lile lile la shilingi likiwa limepoteza karibu asilimia 30 ya thamani yake kwa dola. Mteja hajakosa hata siku moja, na muuzaji bado amepata hasara.

Mobisol iliomba kinga ya muflisi Aprili 2019, na baadaye mwaka huo ikachukuliwa na Engie ya Ufaransa, kampuni yenye mfuko mrefu. Off Grid Electric ilibadili jina kuwa Zola. M-KOPA imehamishia nguvu kubwa kwenye kukopesha simu za mkononi. Msomaji apime mwenyewe kwa nini kampuni inayojua sola kuliko wengi imeamua kuuza simu.

KONTENA LIKIWA BAHARINI

Sasa tuje kwa mwenye duka. Tufanye mfano wa hesabu: mfanyabiashara ameagiza paneli kwa pamoja na wenzake, sehemu yake ni paneli 200, na zikifika Kariakoo kila moja itakuwa imemgharimu shilingi 150,000. Jumla ni shilingi milioni 30. Anapanga kuuza kwa 168,000, yaani faida ya asilimia 12. Mzigo unakaa njiani na bandarini wiki kadhaa. Wakati huo mwenzake mwenye mtaji mkubwa ameagiza baadaye kwa bei mpya ya China, naye anauza kwa 148,000. Mfanyabiashara wetu hajaibiwa, hajadanganywa, wala mzigo wake si mbovu. Anauza kwa hasara ya 400,000, na kama alichukua mkopo wenye riba, hasara ni kubwa zaidi.

Waliodumu katika biashara hii hawakai na mzigo. Wanaagiza kidogo na mara kwa mara, wengine wanachukua mali kauli kwa muagizaji mkubwa ili mwanguko wa bei umkute yeye, na chumo lao halisi linatoka kwenye nyaya, vibao vya kufungia paatini na kazi ya fundi. Paneli imekuwa kama soda hotelini: ipo ili mteja aingie. Ufungaji hauletwi na meli, na bei yake haishuki kila robo mwaka.

Betri zinafuata njia ile ile. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa moja. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Northvolt ya Sweden, iliyopewa mabilioni ya dola na wawekezaji ili ishindane na Asia, ilifilisika Machi 2025. Hivyo anayefikiria kujaza stoo betri kwa sababu paneli zimemchosha, ajue anahama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Nafasi nzuri kuliko zote kwa mwenye mtaji mdogo, kwa maoni ya ukurasa huu, ni kuwa upande wa mnunuzi. Mwenye mashine ya kusaga anayechoma dizeli, mwenye pampu ya bustani, muuza samaki anayenunua barafu kila asubuhi: hawa ndio wanahisa wa kweli wa teknolojia hii, na gawio lao ni mafuta wasiyonunua. Pakistan ilionyesha hilo mwaka 2024, ilipoingiza paneli za kama gigawati 17 katika mwaka mmoja, nyingi zikinunuliwa na wenye viwanda, mashamba na nyumba waliochoshwa na ankara za umeme. Aliyebaki na kichwa kikimuuma ni mwenye gridi, ambaye mikopo ya mitambo yake haipungui wateja wanapopungua. Wenye hati fungani za mashirika ya umeme popote walipo wangefanya vema kulifuatilia hilo.

Kabla ya kununua, mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni kodi, maana hubadilika bila kupiga hodi: Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vya sola mwaka 2020 na kuiondoa tena mwaka uliofuata. La pili ni China yenyewe, ambako viwanda vinauza kwa hasara na Serikali imeanza kuchoka. Tarehe 1 Desemba 2024 ilipunguza marejesho ya kodi kwa wauzaji wa paneli nje kutoka asilimia 13 hadi 9. Mwenye kuagiza asifunge bei na mteja wake kabla ya kupata ankara mpya ya kiwandani, kwani ile ya mwezi uliopita haimfungi mtu.