Namba ya siri utabadilisha, jicho je?

Unakumbuka ile foleni ya KICC? Mwishoni mwa Julai 2023, umati ulijipanga pale katikati ya jiji la Nairobi. Zamu yako ikifika, unatazama kifaa cha duara, kinachukua picha ya mboni ya jicho lako, halafu unapewa tokeni za Worldcoin za takriban shilingi 7,000. Hatuwacheki waliopanga foleni. Maisha ni magumu, na kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya nyumba.

Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi hilo. Lakini kumbuka, Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwepo tangu 2019, na inahesabu alama za mwili, kama jicho na vidole, kuwa data nyeti. Sheria ilikuwepo, ila macho yalishapigwa picha.

Mei 2025, Mahakama Kuu ikaamua: tathmini ya hatari haikufanywa inavyotakiwa kabla ya kuanza, na ridhaa ya watu ilipatikana kwa kuwashawishi na tokeni. Iliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia. Hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili tangu ile foleni.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Mtu akijua namba yako ya siri, unaibadilisha kwa dakika moja. Jicho huwezi kubadilisha. Ndiyo maana usingoje korti ikuamulie, uliza mapema.

Kabla ya kukubali uso, kidole au jicho lako lichukuliwe, uliza hivi:

• Ni nani anachukua, na ya nini?
• Itawekwa wapi, na kwa muda gani?
• Nikikataa, nitapata huduma kwa njia nyingine?
• Nikibadilisha nia kesho, nitaifutaje?

Ukijibiwa "weka sahihi tu, wengine wako nyuma yako", ondoka kwenye foleni.

Na kama ulishatoa, bado una haki. Iandikie kampuni uulize wana nini juu yako. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90.

Shilingi 7,000 huisha wiki hiyo hiyo. Jicho utakaa nalo maisha yako yote.