Ziwa Baringo Linaanzia Milimani: Kwa Nini Maji Hupanda, na Mkazi Afanye Nini

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hofu kubwa kuhusu Ziwa Baringo ilikuwa kwamba linakufa. Kina chake, ambacho mapema katika miaka ya sabini kilikuwa wastani wa takriban mita 8, kilikuwa kimepungua hadi chini ya mita 3. Uvuvi ulisimamishwa kwa muda ili samaki wapate kuzaana. Miaka ishirini haikuisha kabla ya ziwa hilo hilo kuvuka ufuo wake na kuingia madarasani, katika vituo vya afya na katika nyumba za watu.

Wengi huyaona mambo haya mawili kuwa yanapingana: jana ziwa linakauka, leo linafurika. Lakini yanahusiana, na kuelewa uhusiano huo kunamsaidia mkazi kuamua mahali pa kujenga, pa kulima na pa kuchota maji.

Kaunti iliyozunguka maji

Kaunti ya Baringo ina ukubwa wa karibu kilomita mraba 11,000, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 666,763. Makao makuu ni Kabarnet, juu ya Milima ya Tugen. Maeneo bunge ni sita: Tiaty, Baringo Kaskazini, Baringo ya Kati, Baringo Kusini, Mogotio na Eldama Ravine. Watugen, Wapokot, Wailchamus na Waendorois wanaishi hapa pamoja na jamii nyingine nyingi.

Nyanda za juu za Eldama Ravine na Kabarnet zina baridi na mvua ya kutosha kwa mahindi, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Bondeni kuna joto kali na mvua kidogo. Huko maisha ni mbuzi, ng'ombe, mizinga ya nyuki na samaki. Marigat ndipo ulipo mradi wa unyunyizaji wa Perkerra, ulioanzishwa 1954 wakati wa hali ya hatari kwa nguvu za wafungwa waliozuiliwa na serikali ya kikoloni. Mradi huo unategemea maji ya Mto Perkerra, mto huo huo unaolisha ziwa.

Maji hutoka wapi na huenda wapi

Mito Perkerra na Molo huteremka kutoka nyanda za juu za kusini, upande wa Mau. Endao hutoka Milima ya Tugen, na Ol Arabel na Mukutan hutoka upande wa Laikipia. Kwa hiyo mvua inayonyesha Eldama Ravine leo ni sehemu ya maji yatakayofika Kampi ya Samaki baadaye, na udongo unaobebwa na mvua hiyo hufika pia. Rangi ya kahawia ya ziwa ni udongo wa mashamba na malisho ya juu.

Ziwa halina mto unaotoka nje. Jua huchukua maji mengi: kiasi kinachofyonzwa na joto bondeni kwa mwaka ni zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha huko. Mengine hupenya kwenye nyufa za miamba na kwenda chini ya ardhi kuelekea kaskazini. Njia hiyo isiyoonekana ndiyo huondoa chumvi na kuliacha ziwa na maji baridi, yanayofaa samaki na mifugo.

Jirani yake, Ziwa Bogoria, halina bahati hiyo. Maji yake ni ya chumvi nyingi na magadi, hayana samaki, ila yana chemchemi za maji moto na heroe wanaowavuta wageni. Tangu 2011 Bogoria ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita. Maziwa yote mawili yalipopanua mipaka yake, hofu ilizuka kwamba huenda yakakutana. Bogoria liko juu kidogo kuliko Baringo, kwa hiyo maji ya chumvi ndiyo yangeteremka na kuharibu yale baridi.

Kwa nini ziwa limepanuka

Kuanzia mwanzo wa mwongo uliopita, maziwa ya Bonde la Ufa kwa jumla yalianza kupanda, na 2020 yalifika kiwango cha kutisha. Wataalamu walioteuliwa na serikali ya kitaifa kuchunguza jambo hili walitaja mvua nyingi zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi kuwa chanzo kikuu. Walitaja pia uharibifu wa misitu na ardhi katika vyanzo vya mito, pamoja na hali ya miamba ya Bonde la Ufa.

Hapa ndipo ukame wa zamani na mafuriko ya sasa hukutana. Msitu ukikatwa na malisho yakibaki wazi, mvua haizami ardhini. Hukimbia mara moja hadi mtoni, ikibeba udongo. Udongo hujaza sakafu ya ziwa na kina hupungua. Mvua kubwa ikija, ziwa lililojaa udongo ni kama sahani mahali pa sufuria: maji yale yale husambaa mbali zaidi. Kwa kuwa ardhi ya kusini, kuelekea Salabani na Ng'ambo, ni tambarare, maji yakipanda kidogo tu hufunika eneo kubwa.

Waliolipa gharama

Familia nyingi za ukingoni zilihama, baadhi zaidi ya mara moja. Shule, vituo vya afya, hoteli na makaburi vilizama. Wafugaji walipoteza malisho ya kiangazi, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki kavu imevamiwa na mathenge, mti ulioletwa mapema katika miaka ya themanini kuzuia jangwa na ambao sasa huziba njia na kuharibu meno ya mbuzi. Hata wanyama walihamishwa: kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga waliokuwa wamekwama katika kisiwa cha Longicharo walivushwa kwa chelezo hadi hifadhi ya Ruko.

Maji yalipokaribia nyumba, viboko na mamba walikaribia pia.

Mambo ya kuzingatia

Usijenge makao ya kudumu maji yanaporudi nyuma. Ziwa hili limepanda na kushuka tangu zamani, na mvua kubwa za 1961 zinakumbukwa na wazee kote Afrika Mashariki. Ardhi inayotoka majini ina rutuba na inafaa kwa mboga au malisho ya msimu, lakini si mahali pa nyumba, choo wala kisima. Kabla ya kununua ploti, waulize wazee na chifu maji yalifika wapi 2020.

Chemsha au tibu maji ya kunywa. Vyoo vingi vilizama, na maji yaliyotulia hueneza kichocho. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya mapema.

Jihadhari na viboko na mamba. Viboko hutoka majini jioni kula nyasi na kurudi alfajiri. Choteni maji mchana, kwa kikundi, mahali palipo wazi. Mtu akishambuliwa, toa ripoti mara moja kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na polisi, na uhifadhi karatasi za hospitali. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu familia kudai fidia, ambayo kwa kifo ni Sh milioni 5. Madai hupitia kamati ya fidia ya kaunti.

Zuia udongo shambani. Wakulima wa nyanda za juu wachimbe matuta, waache nyasi na miti kando ya mito, na wasilime hadi ukingoni. Kwenye miteremko ya malisho, kupumzisha eneo kwa msimu mmoja au miwili hurudisha nyasi.

Ujue nani anahusika na nini. Chini ya Katiba, kilimo, afya na huduma za maji ya matumizi viko mikononi mwa kaunti. Ulinzi wa wanyamapori na vyanzo vya maji ni jukumu la serikali ya kitaifa. Mkazi asiyejua aanzie wapi anaweza kuanza kwa msimamizi wa wadi yake.

Aliye Kampi ya Samaki hawezi kuyazuia maji yakishafika mlangoni. Aliye juu, Eldama Ravine au Kabarnet, anaweza kupunguza udongo unaoyatangulia. Mvua za masika huanza Machi, na matuta huchimbwa kabla hazijaanza.