Ndege Inapoteremka Kiubavu

Wengi wetu tunaosafiri kati ya Lubumbashi na makanisa ya mashariki tumewahi kushika kiti kwa mikono miwili ndege ndogo ikikaribia kutua. Bawa moja limelala, pua inaangalia kwingine, nasi tunashuka kiubavu. Wengine huanza kuomba kwa sauti. Kuomba ni vema, lakini mara nyingi rubani amefanya hivyo kwa kusudi.

Barabara ya kurukia ya Luano imenyooka karibu mashariki na magharibi. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka sana kusini-mashariki, kwa hiyo huisukuma ndege pembeni. Rubani hulaza bawa la upande wa upepo, kisha kwa mguu anageuza usukani wa mkia upande wa pili. Pua inabaki kwenye mstari wa barabara, ndege haipeperushwi, na gurudumu moja hugusa chini kabla ya lenzake.

Njia hiyo hutumika pia kupunguza kimo. Hewa ikipiga ubavu wa ndege huizuia, nayo hushuka upesi bila kuongeza mwendo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 iliishiwa mafuta angani huko Kanada, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo. Rubani Bob Pearson aliiteremsha kiubavu mpaka Gimli, na watu wote 69 wakaokoka.

Hata hivyo kuna hatari. Katika ndege nyingine ndogo, tundu la kupimia hewa liko upande mmoja tu wa mwili, hivyo zikishuka kiubavu kipima mwendo husema uongo. Linalotutisha zaidi ni kona ya mwisho kabla ya kutua. Rubani akiona anapita mstari, anaweza kushawishika kukanyaga usukani zaidi ili pua igeuke haraka. Mkia unateleza kwenda nje ya kona, na kama mwendo ni mdogo, bawa la ndani huacha kubeba kabla ya lile la nje. Ndege inapinduka upande huo, na chini hakuna kimo cha kuiokoa.

Hapo ndipo sisi abiria tunapohusika. Ndege nzito inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yaibebe. Mchungaji anayeficha mfuko wa unga au katoni ya Biblia wakati wa kupima mizigo (tunawajua, nasi tumekuwa miongoni mwao) humfanya rubani akadirie mwendo kwa uzito usio wa kweli. Na rubani akiacha kutua, akapaa tena na kuzunguka, tusimuulize mbele ya watu kwa nini anatuchelewesha kwenye mkutano.